Jina la Baba Yako Ndani ya Mashine

S.L.P. 74,
Voi.
12 Juni, 1988

Mpendwa dada Wanza,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko masomoni Pune, na kwamba lile joto uliloandika habari zake limepungua na mvua za huko zimeanza. Je, tumbo limeacha kukusumbua? Umepata mahali pa kununua unga wa ugali, ama bado ni wali mchana na wali jioni?

Sisi huku tu wazima. Wazazi wangu wako Wundanyi na hawajambo. Mwaka huu mvua haikutunyima, na baba anasema mahindi ya shamba la chini yamefika kifuani. Mdogo wangu Crispus ameingia darasa la saba na amekuwa mrefu kuliko mimi.

Shangazi, mama yako, anaendelea. Mkono wa kulia bado haujarudi, lakini sasa anashika kikombe kwa wa kushoto bila kumwaga, na maneno yake yanaeleweka kama anayemsikiliza hana haraka. Leo amekula viazi vitamu na kulalamika kwamba havikuiva. Tukasema basi amepata nafuu.

Najua unashangaa kupata barua ndefu kutoka kwangu, mvivu wa kuandika. Nimeianza mara nyingi nikaichana. Kuna jambo nimemfanyia baba yako, na sitaki ulisikie kwa mtu mwingine.

Itabidi nianze na habari za kazi. Unakumbuka baba yako ndiye aliyenitafutia nafasi ya taipisti katika ofisi ya mradi wa maji, yeye akiwa stoo, anatoa mabomba na vali. Mwaka jana wafadhili walituletea kompyuta. Ni sanduku moja tu, na vioo viwili kama televisheni ndogo vimeungwa nalo, kimoja mezani kwangu na kimoja chumbani kwa Bwana Mahmud, injinia wetu. Kila asubuhi watu wetu wanaita kwa redio kutoka Mraru, Salaita, Bomeni: pampu imekufa, ndovu wamefukua bomba, tangi limeanza kuvuja. Mimi naandika yote ndani ya mashine.

Lakini mashine ile haibahatishi maana. Ukitaka ikuonyeshe pampu mbovu peke yake, izipange kwa vijiji, halafu ipige chapa, ni lazima uandike mstari mrefu wa Kiingereza cha kukatwakatwa, na vinukta na mikwaju katikati. Ukikosea alama moja inakukataa. Mstari ule niliuandika kila siku hadi nikawa nauota. Yule mtaalamu mzungu aliyekuja kuifunga mitambo alinionyesha jambo moja kabla ya kuondoka. Unaweza kuifundisha mashine neno lako mwenyewe. Unaiambia, nikiandika neno hili fupi, wewe fanya kazi yote ya ule mstari mrefu. Basi, kuanzia siku hiyo inakuelewa.

Dada, nilifurahi kama mtoto. Nikaifundisha neno "pampu", na pampu zote mbovu zikawa zinajipanga zenyewe. Nikaifundisha "bomeni", inakusanya habari za Bomeni na kuzipeleka kwenye printa. Nikiandika "jana" inanirudisha pale nilipoachia kazi. Nikiandika "hifadhi" inanakili kila kitu kwenye diski ya pili kabla sijaenda nyumbani. Na baada ya kuipoteza ripoti ya Salaita kwa uzembe wangu, nikatengeneza neno la kufuta ambalo linaniuliza kwanza kama nina hakika. Kazi ya asubuhi nzima ikawa inaisha kabla ya chai. Bwana Mahmud akanisifu mbele ya wageni, na nakiri kichwa kilivimba.

Halafu tukaanza mchezo. Yuko msichana wa mapokezi anaitwa Salme, mtoto wa hapa hapa Voi, mcheshi sana. Neno la kuiamsha printa ikikwama tuliliita "teke", kwa sababu zamani tulikuwa tunaipiga teke kweli. Tulicheka siku nzima. Likabaki neno moja ambalo sikuwa nimelipa jina. Kazi yake ni kukifunga kioo nikienda kula ili mtu asiguse kazi yangu. Kinakuwa cheusi mpaka mtu abonyeze kitufe.

Sasa baba yako, baada ya chakula cha mchana, husinzia. Anakaa mlangoni mwa stoo, kidevu kinashuka kifuani, penseli bado iko mkononi. Vijana wa mabomba humcheka. Siku moja Salme akasema, "Mwenzangu, hiki kioo kikilala hivi, ni Mzee Kimeu mtupu." Nikacheka hadi machozi, na papo hapo nikaandika. Ukiandika "kimeu", kioo kinazimika na katikati yanatokea maneno: MZEE AMELALA. GUSA KITUFE UMWAMSHE.

Si kwamba sikujua, Wanza. Hapo ndipo nataka usome polepole. Nilijua kwa nini anasinzia. Tangu Shangazi apooze, baba yako anakesha usiku kucha kumgeuza asipate vidonda mgongoni, kumpa maji, kumpeleka msalani. Nimekula mezani kwao, nimeyaona macho yake mekundu asubuhi. Na wewe mwenyewe, siku ile stesheni, ulinishika mkono ukaniambia, "Niangalizie wazazi." Nilijua yote hayo, na bado ilinichekesha.

Mwezi uliopita Bwana Mahmud alisema kila mfanyakazi aje aiguse mashine, asiwepo wa kuiogopa. Wakaja vijana wa mabomba, mmoja mmoja. Baba yako alikuja mwisho. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, Wanza. Alilivaa asubuhi kwa ajili ya kompyuta.

Nikamvutia kiti. Akauliza, "Niandike nini?"

"Chochote, Baba."

Akaanza kuandika jina lake, kwa kidole kimoja, akiitafuta kila herufi. Nilikuwa nimesahau kabisa. Alipofika kwenye M nikakumbuka, na ningeweza kunyoosha mkono nikamzuia, nikasema chochote, nikamwaga hata chai. Nilikaa kama jiwe. Akamaliza, akabonyeza.

Unajua anavyosoma, kwa sauti, kidole kikilifuata neno. "Mzee... amelala. Gusa... kitufe... umwamshe." Akanigeukia uso umejaa furaha. "Kumbe mashine inanijua!"

Vijana wakaangua kicheko. Na yeye akacheka nao kidogo, akidhani wanacheka pamoja naye. Halafu akawatazama vizuri, na lile tabasamu likaondoka polepole. Akaniuliza, "Ni nani ameiambia hivyo?"

Nikasema, "Ni yule mzungu, Baba. Aliacha mambo mengi humo ndani."

Bwana Mahmud alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakupaza sauti. "Yule bwana hakujua Kiswahili hata cha kuomba maji, Mable."

Hakuna aliyecheka tena. Baba yako akainuka, akakirudisha kiti chini ya meza, akalinyoosha koti. "Basi," akasema, "nimeiona." Akarudi stoo.

Neno lenyewe nililifuta jioni ile ile. Lakini kuanzia siku iliyofuata baba yako hakukaa tena baada ya chakula. Anasimama. Saa ya mapumziko yote anasimama amekishika kichaga cha mabomba, macho wazi, na miguu inatetemeka. Nilimpelekea kiti, akasema asante, akakiweka pembeni na kuendelea kusimama.

Kisha Bwana Mahmud akaniita chumbani kwake. Akaniambia Mzee Kimeu ameomba ahamishiwe stoo ya Bomeni, akalale huko huko, awe anarudi Voi mwisho wa mwezi. "Mimi sitamkatalia mtu wa umri wake," akasema. "Lakini wewe unajua anamwacha nani nyumbani." Nilitoka mle ndani bila kuona njia. Nilikuwa namwona Shangazi kitandani, anaita, na hakuna wa kumgeuza.

Nikaamua nitalisema kosa langu mbele ya wote, kama lilivyotokea mbele ya wote. Saa ya chai nikasimama. Nikasema neno lile niliandika mimi, na mzungu nilimsingizia. Nikasema Mzee anasinzia kwa sababu mke wake amepooza na anamuuguza peke yake, anamsafisha, anambeba, na mimi nilijua. Nilikuwa nalia. Ndani ya moyo nilijiona nimefanya jambo jema.

Baba yako akaweka kikombe chini. Maisha yangu yote sikuwa nimewahi kumsikia akiwa na hasira.

"Ulinicheka mimi, nikanyamaza," akasema. "Ni sawa, mimi ni mtu mzima. Lakini Mama Wanza amekukosea nini? Nani alikutuma umlete hapa, umvue nguo mbele ya vijana hawa?"

Nilikaa chini. Nilitaka kuutua mzigo wangu, nikautua juu ya mgonjwa.

Jumamosi nilikwenda nyumbani kwenu, baba yako akiwa sokoni. Nikamweleza Shangazi yote. Alinisikiliza ametazama dari. Nikaanza tena kulia, na akaninyamazisha kwa ule mkono wa kushoto.

"Machozi," akasema, akapumzika, akaanza upya. "Machozi hayanigeuzi usiku. Kalete blanketi lako."

Nikaenda kulichukua. Niliporudi, baba yako alikuwa amekwisha kufika, na walikuwa wanazungumza chumbani kwa Kikamba. Sikuelewa neno, ila nilisikia sauti ya Shangazi ndiyo iliyokuwa inasema zaidi, kwa shida, na ya baba yako inajibu kwa ufupi. Akatoka, akaliona blanketi langu kwapani. Akanionyesha kwa kidevu pa kuliweka.

Tangu hapo naishi kwenu. Usiku tunapokezana na baba yako, wangu na wake. Mwanzoni sikujua namna ya kumgeuza Shangazi na nilimwumiza bega, lakini amenifundisha mwenyewe pa kushika. Wiki iliyopita Bwana Mahmud aliniambia Mzee amesema ile habari ya Bomeni iachwe kwa sasa. "Kwa sasa" ndivyo alivyosema, na mimi sithubutu kuuliza zaidi.

Sitaki ufikiri kwamba yameisha. Zamani aliniita "Mable wangu". Sasa ni "binti Mwandawiro", na hata hilo analisema ikimlazimu. Na hata akiwa amelala usiku mzima, mchana bado anasimama pale stoo. Vijana hawamcheki tena. Wanapita wakiwa wameinamisha vichwa, na nadhani hilo linamuuma kuliko kicheko.

Kwenye mashine nimeondoa majina yote ya utani. Yamebaki ya kazi tu. Bwana Mahmud anataka niende Mombasa nikawafundishe wenzetu jinsi ya kutengeneza maneno mafupi kama yangu, na watu wananipongeza njiani. Nashindwa hata kuinua uso kuwajibu. Nimemwambia siwezi kuondoka Voi kabla hujarudi.

Sikuombi unitetee kwa baba yako, wala usimwandikie kuhusu jambo hili. Angejua nimelipeleka hadi India, sijui kama angeweza kunitazama. Ukinikasirikia, nikasirikie mimi, uniandikie makali yote uliyo nayo. Na ukirudi, kama hutapenda kunisalimia, nitakupisha njiani na sitalalamika. Ila nilitaka ulisikie kutoka kwangu, bila kupunguzwa.

Baba na mama wanakusalimu sana, na Crispus anauliza kama ni kweli huko ng'ombe wanatembea barabarani bila mwenyewe. Salme naye ameniomba nikuandikie pole. Shangazi anasema uvae kitu kizito mvua ikinyesha, usijione daktari kabla ya mtihani.

Hapa nilikuwa nataka kufunga barua, lakini baba yako amesimama mlangoni sasa hivi, akaniuliza naandikia nani. Nikamwambia. Nilidhani atapita. Akaisugua shingo, akasema, "Niandikie na mimi salamu. Mwambie Baba yupo." Ni mara ya kwanza tangu siku ile kuniomba kitu. Basi nakuandikia kama alivyosema: baba yako anakusalimu, naye yupo.

Mungu akushike mkono katika masomo yako na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, ingawa nina aibu kuliandika neno hilo,

Mable Mwandawiro