Nyumba Isiyo na Mbwa, Mjimwema

Jumapili, baada ya Alasiri. Mawingu tangu asubuhi, mvua haitaki kunyesha wala kuondoka.

Daftari langu, mchanga wa Mjimwema bado umo kwenye pindo la kanga yangu. Nimeswali, nimebaki palepale kwenye mkeka. Naandikia gotini, ndiyo maana herufi zangu leo zimelala. Mwalimu wetu wa kisomo akiziona atanirudisha darasa la kwanza.

Nyumba nimepata. Haina mbwa.

Nilidhani nikiipata nitafurahi.

Nianze mwanzo, maana nikianzia mwisho nitalia na sitaandika kitu. Mume wangu amepewa likizo kiwandani, siku ishirini na nane, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue amesema hatuendi kwao Rufiji. Anataka wiki moja ng'ambo, Kigamboni, tukae karibu na bahari, watoto wacheze, na kifua chake kipate hewa isiyo na vumbi la pamba. Shule zimefungwa. Salumu, mtoto wetu wa mwisho, ana miaka mitano na hajawahi kukanyaga maji ya bahari. Kila siku ananiuliza, "Mama, bahari huwa inalala?" Mimi nimezaliwa pwani, tunakaa hapa Kariakoo, mtu akitembea kwa miguu anafika baharini kabla jasho halijamtoka, na mtoto wangu haijui bahari. Kosa si la baba yake. Mimi ndiye niliyekataa kumpeleka.

Barazani walitucheka. "Likizo mtu anakwenda kwao, ninyi mnakwenda kuota jua kama Wazungu?" Nikacheka nao. Nikamwambia mume wangu sawa, tutakwenda, ila nina sharti moja tu: nyumba tutakayofikia isiwe na mbwa. Hakuna aliyeshangaa. Mimi ni mtu wa kuswali, na mbwa mate yake ni najisi kwetu, vyombo na nguo vyote vitakuwa kazi. Mume wangu akasema, "Hilo halina maneno."

Na sikusema uongo. Ila sikusema kweli yote.

Nimevuka na pantoni mara tatu kwa ajili ya sharti hilo. Nyumba ya kwanza nilikuta jike limelala chini ya ngazi na watoto wake sita, sikupiga hata hodi. Ya pili mwenyewe aliniapia hana mbwa, kumbe amemhifadhi kwa jirani mpaka niondoke. Nilimsikia akilia ng'we ng'we nyuma ya ukuta huku bwana yule akikohoa kwa nguvu ili nisisikie. Ya tatu sikufika kabisa. Hiyo alinitajia Mama Komba, jirani yangu wa chumba cha pili, Mngoni wa Songea, anashona nguo kwa cherehani hapa kibarazani. Ni Mkristo, lakini mwezi wa Ramadhani anakula kwa kujificha kwa ajili yetu sisi, na mlango anafunga.

"Nina binamu yangu kulekule Mjimwema," akaniambia. "Vyumba viwili, kisima chao wenyewe, na mkewe anajua kupika."

"Mbwa?"

"Yupo, ila kizee. Hana meno. Akibweka anakohoa kama mvuta tumbaku."

"Basi sitaki."

"Mama Shabani, we unatafuta nyumba au unatafuta pepo? Na hata huko peponi, unajua mlinzi wa getini kafuga nini?"

"Astaghfirullahi, Mama Komba!"

Akacheka mpaka pini zikamdondoka mdomoni. Kisha akaniangalia usoni, akaacha kucheka. Akaziokota pini moja moja. "Basi, dada," akasema. "Nitakutafutia nyingine."

Yeye peke yake mtaani ndiye bado ananiita Mama Shabani. Wengine walibadilisha kimyakimya baada ya msiba, wakaanza kuniita Mama Mwantumu, kwa jina la binti yangu, wakidhani wananipunguzia. Hawajui kuwa kila wakiniita hivyo nasikia pengo la yule mwingine.

Sasa nimefika kwake.

Shabani alikuwa wa kwanza. Alikuwa na miaka tisa. Nyuma ya ghala moja la mtaa wetu mbwa mlinzi alizaa, na siku hiyo mwanangu akaja nyumbani na kitoto cha mbwa ndani ya shati, kimelowa, kinamlamba shingo, na yeye anacheka. Nilipiga kelele mpaka wapangaji wote wakatoka uani. Nikamvua nguo mbele yao. Nikamwosha mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa kwenye chuo cha Kurani tukiwa wadogo. Mpaka hapo sijakosea. Lakini kila maji niliyommwagia niliyafuatisha na kofi. Na mwisho nikamwambia, watu wote wanasikia, maneno haya, nayaandika kama yalivyotoka:

"Siku nyingine mbwa akikugusa, usiingie kwenye nyumba yangu."

Alikuwa mtoto msikivu sana, Shabani.

Baada ya miezi kadhaa akashikwa na homa. Nikamkanda, nikamsomea, nikasema ni malaria. Siku ya pili akakataa uji. Halafu akakataa maji. Si kwamba hakuwa na kiu, analia kiu, lakini nikimsogezea kikombe koo linamkaza, macho yanamtoka, anakisukuma kwa mikono miwili. Bomba la uani likifunguliwa anatetemeka chumbani. Hospitali daktari aliniuliza kama mtoto ameumwa na mbwa. Nikaapa. Wallahi, nikasema, mwanangu hagusi mbwa, nimemlea. Daktari hakubishana nami. Alimgeuza taratibu, akamwangalia miguu, akanionyesha nyuma ya mguu wa kushoto, chini ya goti. Alama za meno. Zilikuwa zimeshapona vizuri kabisa, kovu safi.

Akasema ni kichaa cha mbwa. Akasema sindano zipo, lakini zinachomwa mapema, kabla ugonjwa haujaamka. Kama angesema.

Kama angesema. Daftari langu, miaka mitano nimeishi ndani ya maneno hayo mawili.

Mpaka leo bomba likifunguliwa alfajiri mwili wangu wote unasimama kumsikiliza. Salumu akinywa maji nakaa namtazama koo mpaka amalize, naye ameshazoea, akimaliza ananionyesha kikombe kitupu kama anayelipa ada. Hajui ni kwa nini. Alikuwa kichanga wa miezi mgongoni mwangu. Na maneno yale niliyomwambia Shabani, baba yake hajawahi kuyasikia. Siku ile alikuwa kazini, na wapangaji wa wakati ule wameshahama karibu wote. Nilinyamaza. Yeye anaamini mtoto alisahau tu kusema, kama watoto wanavyosahau.

Leo ndiyo nimekwenda nyumba ya nne. Mama Komba ndiye aliyeitafuta, kwa Bi Mkubwa mmoja mjane. Nimekwenda na Mwantumu, ana miaka kumi na miwili sasa, ni mtoto mkimya, kazi zake anafanya bila kuambiwa. Mimi husema nimebahatika.

"Shikamoo, Bibi," Mwantumu akaamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibuni. Mbwa hapa hajafugwa tangu nimeolewa, msihangaike kuchungulia," akasema Bi Mkubwa, maana aliniona macho yangu. "Kuna kuku tu. Na huyo jogoo ana ugomvi kuliko marehemu mume wangu, Mungu amrehemu."

Ua umefagiwa mpaka unaona mistari ya ufagio. Vyumba viwili, vitanda vya kamba, mtungi wa maji kwenye kona. Baharini ni hatua chache. Nilichunguza kila pembe, nikaangalia hata nyuma ya choo. Hakuna mnyororo, hakuna sahani chini. Nikashusha pumzi, nikaomba maji nitawadhe, nikaswali Adhuhuri mlemle chumbani. Nikamshukuru Mungu kwa jina la watoto wangu, na jina la Shabani nikalitia humo.

Nilipotoa salamu, Mwantumu hakuwepo kibarazani nilipomwacha.

Mchangani palikuwa na nyayo za mbwa. Zimetoka ufukweni, zimekuja moja kwa moja mpaka kizingitini, zimerudi.

"Aa, hao ni wa pwani tu," Bi Mkubwa akasema kutoka jikoni. "Wanapita, hawana mwenyewe. Utamzuia nani pwani nzima?"

Nikazifuata. Nilikuwa nakimbia. Mimi, na umri huu, na kanga mkononi.

Nilimkuta nyuma ya uzio wa makuti, amechuchumaa na kopo la maji. Mkono wa kulia umejaa mchanga uliolowa. Anajimwagia na kuhesabu kwa sauti ya chini, haraka haraka, kama mtu anayeiba. "Tatu. Nne." Akaniona. Kopo likamdondoka. Mkono akauficha mgongoni.

"Hajaniuma, Mama! Amenilamba tu! Wallahi hajaniuma, nitaingia ndani nikishamaliza!"

Nitaingia ndani nikishamaliza.

Nilikaa chini mchangani palepale. Nikamwuliza nani amemfundisha kujiosha kwa kujificha. Akaliangalia kopo lililoanguka. Halafu akasema, "Kaka."

Ikamtoka yote, bila kulia, kama somo alilokariri zamani. Siku Shabani alipoumwa, kule nyuma ya ghala, Mwantumu alikuwa naye. Alikuwa na miaka saba. Damu ilikuwa kidogo. Shabani alimwambia, tusiposema na tukijiosha sawasawa, mama atatuacha tuingie. Wakaenda kwenye bomba la mtaa wa pili. Shabani hakuweza kujiosha nyuma ya mguu, hapaoni. Kwa hiyo Mwantumu ndiye aliyemwosha. Alichota udongo, akamsugua, akamwagia maji, akahesabu. Kaka yake akamwapisha asiseme.

Halafu akaniuliza. Naandika hili na macho hayaoni vizuri.

"Mama, labda nilikosea kuhesabu. Nilikuwa sijajua vizuri kuhesabu. Labda nilimwosha mara sita."

Miaka mitano. Nilikuwa nalala chumba kimoja na mtoto huyu, nikidhani mzigo wote nimeubeba mimi. Ukimya wake nikauita tabia njema.

Nilimwambia hapana. Nilimwambia ulihesabu sawa, mwanangu, hata ungemwosha mara mia ugonjwa ule ulihitaji sindano, na sindano ilihitaji mtu mzima aambiwe, na mtu mzima alikuwa amefunga mlango. Nikamwambia mtu huyo ni mimi. Dini ilisema osha. Haikusema piga. Haikusema fukuza. Hayo niliyaongeza mwenyewe.

Sijui kama ameamini. Hesabu uliyoibeba tangu una miaka saba haiwezi kufutika kwa maneno ya mchana mmoja.

Nikachukua lile kopo. Nikamwomba mkono. Nikauangalia kwanza, kiganja, vidole, mpaka kwenye kiwiko, hakuna hata mkwaruzo. Kisha tukaosha pamoja kutoka alipoishia, kwa sauti, Bi Mkubwa asikie, na mbwa mwenyewe asikie kama yuko karibu. Tano. Sita. Saba. Kwenye saba ndipo alipolia, na mimi nikamwacha alie, nikamshika.

Tulirudi ndani kwa mlango wa mbele.

Bi Mkubwa alituwekea mihogo na nazi, akamfukuza jogoo. Nikamwambia nyumba tumeichukua, tutafika Jumamosi. Akasema, "Na mbwa wa pwani?" Nikamwambia wapite. Nitawaogopa, siwezi kujidanganya, nitakaa macho kama askari wiki nzima. Lakini Salumu atakanyaga maji. Na kabla hajakanyaga nitamwambia, na nitamrudia mpaka anichoke: mbwa akikugusa, paka akikukwaruza, hata ukivunja sahani yangu, njoo kwangu kwanza. Njoo na uchafu wako ulivyo. Kuoga baadaye.

Mwantumu sasa hivi yuko hapa kwetu kibarazani, anamtungia Mama Komba uzi kwenye sindano, maana macho ya Mama Komba hayaoni tena tundu. Nawasikia. Mama Komba anamwambia akiolewa mbali atamdai mahari ya macho. Mwantumu amecheka. Kidogo, lakini amecheka.

Limebaki jambo moja, na hili halina wa kunisaidia.

Mume wangu ameingia uani na Salumu, wametoka sokoni. Namsikia akikohoa, halafu bomba linafunguliwa, ananawa mikono. Maji yale yale. Sitaki maneno yangu ayasikie kwa Mwantumu. Mtoto ameshabeba ya kutosha, hilo si lake. Nitamwambia mimi, kabla hatujavuka, na simjui atakuwaje akishasikia. Anaweza kuninyamazia mwaka. Anaweza kusema hatuendi. Ana haki.

Nilikuwa nimekaa nimegeukia ukutani ili asinione usoni. Nimegeuka.

Ee Mola, mlango nimeuacha wazi. Anavua viatu.