Saini ya Daktari wa Dar

Jumatatu, 1 Machi 2004
Wagonjwa kumi na mmoja kabla ya chai. Mzee Kondo, mlinzi wa kambi ya watalii hapa Mikumi, karudi. Presha 190 kwa 110. Mimi ni tabibu tu, moyo wake umenizidi. Nikapanda kilima nyuma ya zahanati kutafuta mtandao, nikampigia daktari bingwa Dar, kama nilivyofanya Januari na Februari. Kabadilisha dawa.

Alhamisi, 4 Machi
Barua ya bima. Madai ya Mzee Kondo ya Januari yamekataliwa. Wanataka saini ya daktari aliyemwona mgonjwa. Yuko Dar, asaini vipi? Bosi wa zahanati kasema bima isipolipa, dawa hazitoki. Mzee ana vidonge vya wiki moja. Nina hasira.

Jumamosi, 6 Machi
Bosi kawapigia bima, kawaambia daktari huja mwenyewe kila mwezi. Uongo mkavu! Mkaguzi wa bima anakuja Jumatatu. Bosi kaniambia nimuunge mkono, la sivyo nirudi kwetu Berega. Nina watoto watatu shuleni. Nitanyamaza. Najichukia.

Jumatatu, 8 Machi
Mkaguzi kijana, mpole, kaniamkia vizuri. Bosi akarudia hadithi yake. Kijana akaomba kitabu cha wageni.
Hapa haingii mtu bila kuandikwa, hata fundi bomba. Na mimi, kwa adabu zangu za kijinga, kila nilipompigia daktari nilimwandika. Jina. Anatoka Dar. Sababu: kumtibu Mzee Kondo. Penye saini: kwa simu. Mara tatu, mwandiko wangu.
"Mama, daktari hajawahi kufika?" kijana akauliza.
Bosi kanikazia macho. Nikasema hajawahi kukanyaga Mikumi, lakini dawa ni zake na zinafanya kazi. Kijana akaandika nusu ya kwanza tu.

Jumatano, 17 Machi
Bima hawalipi. Bosi kanipa notisi, mwisho wa mwezi naondoka. Sijalia.
Mzee Kondo kaja. Dawa za wiki hii nimenunua mimi. Presha 140 kwa 90. Daktari kafurahi kwenye simu, kasema tusibadilishe kitu. Barua ya bima inasema Mzee Kondo hajatibiwa na daktari yeyote.
Mzee kaniuliza mwezi ujao nani atampigia daktari. Nikamteremshia mkono wa shati, nikamfunga kifungo. Akaenda kazini.