Wifi Yangu, Maua na Barafu

Mpendwa mshauri, niwie radhi kwa kimya kirefu tangu uliponipatanisha na mume wangu, leo nina jingine na naona haya kulitamka. Nafanya kazi kwenye karakana inayotoa rangi na viini vyenye manufaa kutoka kwenye maua ya rozela, yale mekundu ya kutengenezea juisi, nami ndiye niliyekuwa nikiyaloweka usiku kucha na kuyachuja, mpaka mke wa kaka yangu, ambaye mimi mwenyewe nilimwombea kazi, alipokabidhiwa mashine ya mawimbi ya sauti yasiyosikika, anatumbukiza ncha yake ndani ya chombo, mawimbi yanayatikisa maua, na kabla chai yangu haijapoa rangi yote imeshatoka. Sasa anaitwa Profesa, na bosi ananitania mbele ya watu, "Dada, masufuria yako tumeyastaafisha!" nami nacheka huku roho inaniuma.

Siku hizi rangi inamtokea kahawia, na sababu naijua: mawimbi yale hupasha maji moto, na wifi, kwa haraka ya kusifiwa, ameacha kuzungushia chombo barafu kama fundi aliyeileta mashine alivyotuonyesha. Aliponiuliza, "Wifi, mbona maua haya yananiaibisha?" nilimjibu, "Labda ni ya zamani." Akayatupa yote, maua mazuri kabisa. Mwisho wa mwezi mnunuzi anakuja kukagua. Akikuta kahawia, wifi atafukuzwa. Niseme au ninyamaze? Nikishaamua nitakuandikia.

Wifi wa Profesa

JIBU

Pole, mwanangu. Kupokonywa kazi uliyoizoea, kisha ukataniwa kwayo, kunauma, na bosi wako hana adabu. Lakini tusifichane: wewe hukunyamaza, ulidanganya. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Wadhani wifi yako akiondoka utarudishiwa masufuria? Mnunuzi atakwenda zake, mashine itabaki palepale ikimngoja mtu mwingine, na kaka yako atakuuliza ulikuwa wapi mkewe alipokuwa akiharibikiwa.

Kesho asubuhi, kabla hajaiwasha, beba ndoo ya barafu kwa mkono wako mwenyewe. Mwambie, "Wifi, nilikudanganya. Maua hayana kosa, ni joto." Atakasirika, tena ana haki. Msikilize mpaka amalize, kisha mwombe akufundishe kuitumia hiyo mashine.