Kwa Kinyanjui, Aliyeangalia Juu Kabla ya Kujibu

Mwaka umetimia, Kinyanjui, tangu lori la mchanga likugonge kando ya barabara pale Ruiru, ukirudi nyumbani na ringi zako za sarakasi begani. Uliondoka na ringi tano. Tuliletewa tatu. Hadi leo mkeo Wanja akipita pale huchungulia mtaroni, na tukimuuliza anatafuta nini anasema hatafuti kitu.

Kiwandani ulikuwa fundi wa mashine. Kwa watoto wa mtaa wetu wa Landless ulikuwa Kocha tu. Jumamosi na Jumapili ulikuwa kwenye ule ukumbi wa mabati wa mtaani, na Jumatano jioni ulikuwa Ruiru, ukiwafundisha watoto kutembea kwa mikono, kurusha chupa hewani na kupandana mabegani. Wengi wao walikuwa watoto wa kufukuzwa kila mahali: dukani, kwenye vibaraza vya watu, hata shuleni karo ikichelewa. Kwako walifukuzwa tu wakija na kucha ndefu.

Hukumuuliza mtoto jina lake kwanza. Ulimuuliza, "Umekula nini leo?" Akisitasita, ulimketisha karibu na sufuria ya uji. Uji wenyewe, tuseme ukweli, ulikuwa na madonge ya kutafuna, na tulikucheka mpaka ukanuna. Halafu kuna lile pazia la sebuleni ulilolikata ukashona suruali za maonyesho. Wanja alitoka kazini akakuta nyumba iko wazi na jirani anampungia mkono kutoka ng'ambo. Alikununia siku mbili. Siku ya tatu alikaa mstari wa mbele, akawapigia makofi watoto waliovaa pazia lake.

Jambo moja hukulifanyia mzaha. Mtoto aliye juu, kabla ya kuruka, lazima aulize, "Uko?" Na yule wa kumdaka haruhusiwi kujibu mpaka miguu yake imetulia, mikono iko wazi na macho yanaangalia juu. Hapo ndipo aseme, "Niko." Asiposikia jibu, mtoto haruki, hata kama giza litaingia. Kwa miaka tisa hakuna mtoto wako aliyevunjika hata kidole. Tunalitaja jambo hili polepole kwa sababu hapo ndipo aibu yetu ilipo.

Tulipokuwa tukikuomboleza kwa mama yetu Ngina kule Ngoliba, wageni walijaa siku tano na hatukuwa na pa kuwalaza. Kagwe, mdogo wako, akakumbuka magodoro kumi ya ukumbini, yale uliyoyaunganisha kwa turubai ili watoto waangukie. Aliyafungua kamba, akayapakia kwenye pikapu, akayaleta. Hakuna aliyemkataza. Tulimsifu, tukasema huyu ana akili ya haraka. Baada ya mazishi mvua ilinyesha, magodoro manne yakalowa nje na kuoza, na sita yaliondoka na jamaa. Kila mmoja alisema atarudisha.

Watoto hawakungoja. Wiki tatu baadaye walikuwa mlangoni mwa ukumbi, Farhiya akiwa mbele. Unamkumbuka Farhiya wa Zahra, aliyekuja ana miaka sita akijificha nyuma ya leso ya mamake. Sasa alikuwa na kumi na tatu, na wewe ulikuwa umemwandikisha kwa majaribio ya kikundi kikubwa cha sarakasi mwezi wa Agosti. Jina lake ndilo la mwisho kwenye daftari lako.

"Anko," alimwambia Kagwe, "Kocha alisema ni Agosti. Sasa nani atanidaka?"

"Mimi," Kagwe akasema. Alikuwa amekuona ukidaka watoto miaka yote hiyo, na alitaka sana kuwa wewe.

Jumamosi iliyofuata sakafu ilikuwa saruji na magunia mawili. Farhiya alisimama mabegani mwa Kitonga, kijana mkubwa kuliko wote pale. Simu ya Kagwe ikalia. Alikuwa shangazi yetu wa Ngoliba, ambaye Kagwe alikuwa amemsumbua wiki nzima arudishe magodoro. Mtandao ukawa unakatika, akasogea mlangoni. Nyuma yake Farhiya akauliza, "Uko?" Kagwe, simu ikiwa sikioni na uso ukiwa nje, akajibu, "Niko." Farhiya akaruka. Kitonga anasema hajawahi kumwona akiruka vizuri namna ile.

Aliangukia saruji, na kiwiko chake cha kulia kikavunjika sehemu tatu. Hospitalini walitia vyuma, wakavitoa, na mkono haunyooki. Unafika nusu unakwama. Agosti ilikuja ikapita. Zahra alikuja kwa Wanja siku ya pili. Hakupiga kelele wala kulia. Tulimpa kiti, hakuketi.

"Kwani mlimzika Kocha na magodoro yake?" aliuliza.

Kisha akageuka, akaenda zake.

Kagwe alifunga ukumbi, akauweka ufunguo kwenye mfuko wa koti lako linaloning'inia ukutani kwenu. Kikundi cha Ruiru kilijifia chenyewe. Wawili wa watoto wako wa kule wanaponda kokoto machimboni, na mmoja hatujui yuko wapi. Kagwe mwenyewe aliendelea kwenda kazini na kurudi, lakini lile neno "Niko" halikumtoka kinywani tena. Asubuhi majina yakiitwa kazini alikuwa anainua mkono tu, na siku moja msimamizi hakumwona, akamwandika hayupo, na hakujitetea. Tulimwonea huruma, halafu tukimwona Farhiya njiani ile huruma inaisha. Utusamehe kwa hilo pia.

Aliyetutoa pale ni mama. Mwezi uliopita alishuka kutoka Ngoliba na pikapu ya kukodi, godoro lake mwenyewe likiwa juu na mengine matano aliyoyakusanya kwa jamaa, nyumba kwa nyumba. Shangazi alijaribu kusema lake lina mgonjwa. Mama akamwambia, "Mgonjwa alale na wewe. Hiki ni kitu cha mtoto wangu." Wanja aliona yale sita, akaingia chumbani, akaburuta lile la kitanda chenu. Tulimkataza. Alisema upande wako umekuwa baridi mwaka mzima, na kwamba mkeka unamtosha. Hivyo yakawa saba.

Jumamosi iliyopita tulifungua. Zamani walikuwa watoto thelathini. Walikuja kumi na mmoja. Farhiya alikuja na mamake, na Zahra akabaki amesimama mlangoni, pale pale Kagwe aliposimama na simu. Wa kwanza kupanda mabegani mwa Kitonga alikuwa Wangeci, binti yako, ambaye mwaka huu ametimiza umri wa miaka minane, wewe hupo. Hatukumtuma. Alisema ni zamu yake.

"Uko?" akauliza.

Kagwe alikuwa chini mbele yao, mikono ameitandaza. Wangeci akauliza tena. Neno halikutoka, na tulijua Kagwe akishindwa hapo hakuna mtoto atakayerudi wiki ijayo. Wanja alikuwa ameshika mkono wa mama kwa nguvu. Ndipo Farhiya akatembea mpaka katikati ya magodoro.

"Anko, leta simu," akasema. Akaitia mfukoni mwake. Akamsukuma mguu wa kushoto kwa mguu wake, akaupandisha mkono wa Kagwe kwa ule mkono wake mzima. "Usiniangalie mimi. Angalia juu. Ukimwona vizuri ndio useme."

Kagwe akaangalia juu. Miguu ikatulia, mikono ikawa wazi.

"Niko," akasema.

Wangeci akaruka, akadakwa. Kagwe hakumwachilia mpaka mtoto mwenyewe akamwambia, "Anko, niweke chini, wengine wanangoja."

Zahra hakupiga makofi. Alimwita binti yake waende, na akiwa anatoka akamwambia Kagwe, "Jumamosi nitamleta tena. Haruki. Atasimama hapo akuangalie." Hakusema ametusamehe, na sisi hatutakudanganya kwamba alisema. Farhiya hataruka tena, Kinyanjui. Ule mkono hauwezi kumbeba. Tulitaka ulisikie kutoka kwetu.

Unakumbukwa na mama yako Ngina, mkeo Wanja, binti yako Wangeci, na watoto wa ukumbi wa Landless pamoja na Kitonga anayewabeba. Mdogo wako Kagwe alikataa jina lake liandikwe hapa. Farhiya alikuja mwenyewe akasema liandikwe, na liwe mstari mmoja na lake. Basi: Kagwe na Farhiya.

Pumzika, Kocha. Kukusahau hatuwezi hata tungetaka. Kila Jumamosi kutakuwa na mtoto juu atakayeuliza kama uko, na msichana wa mkono uliopinda atakayehakikisha hakuna anayemjibu kabla ya kuinua macho.