Sidi Zilizogoma Kuimba kwenye Gari la Baba

Nyumbani kwa Baba,
Chumba cha mbele.
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Marahaba kwa shikamoo zako zote, hata zile ulizosahau kutuma. U hali gani huko? Kifua kimepona? Usiimbe na kikohozi, sauti si kitambaa kwamba ikichanika tutaitia kiraka. Sisi huku wazima. Mama goti linamsumbua asubuhi, ila saa ya umbea ikifika linapona lenyewe.

Sasa kaa vizuri, maana habari yenyewe inamhusu Baba.

Tangu ulipoondoka kwenda kuimba, Baba hakuwa akikutaja. Siku ile hakutoka hata kukuaga, na mimi nilikuona ulivyokuwa ukiliangalia dirisha lake. Basi juzi tulikuwa tunaosha gari, akaniuliza huku anasugua tairi lililokwisha takata zamani: "Hivi zile nyimbo za mdogo wako haziwezi kuingia kwenye redio ya gari?" Nilijikaza nisionyeshe mshtuko. Unamjua, muziki wa simu kwake ni mbu ndani ya kopo. Masikio yake siku hizi husikia vizuri ndani ya gari tu, vioo vikiwa vimefungwa.

Jioni ile ile nikamwambia shemeji yako kwamba nachoma sidi ya zile nyimbo ulizonitumia kwa simu. Mama akasikia, akaja mbio kutoka jikoni: "Nyimbo za mwanangu zimekukosea nini mpaka uzichome?"

Asubuhi Baba akavaa shati la kutokea, akakaa kwenye usukani. Nikaingiza sidi. Redio ikaguna, ikafikiri, ikaitema. Nikairudisha, ikaitema tena. Shemeji yako, ambaye ni mwoka mikate lakini kitu kikiharibika hugeuka fundi, akapuliza tundu la redio, akaifuta sidi kwa shati lake lenye unga. Wapi! Baba akazima gari. "Huenda mdogo wako katutumia kitu kitupu," akasema taratibu. "Simlaumu. Mimi ndiye niliyeanza." Akaingia ndani.

Neno lile lilinikata maini. Nikaapa sidi hiyo itaimba, itake isitake.

Nikaweka sidi ya Mama ya dukani, redio ikaimba bila matata. Kumbe redio nzima. Nikaipeleka yangu kwenye kompyuta, wewe huyo, unaimba! Kumbe sidi nayo haikuwa tupu. Sasa hawa wawili wanagombania nini? Nikamwendea jirani yetu, yule dada mpiga picha za harusi, maana yeye huchoma sidi kila wiki. Akauliza kama nilizinakili nyimbo kama mafaili ya kawaida. Nikakubali. Akacheka, akaniambia redio kongwe kama ile haijui mafaili. Sidi lazima ichomwe kama sidi ya muziki, kisha ifungwe kabisa mwishoni, yaani kompyuta iikamilishe isiongezwe kitu tena, la sivyo redio haioni kitu.

Nikachoma nyingine. Ikaimba, lakini kwa kwikwi, kwa kuwa nilikuwa na haraka nikaichoma kwa kasi kubwa. Iliyofuata niliibandikia karatasi yenye picha yako ipendeze, nayo ikanasa ndani ya redio! Tuliichomoa kwa kibano changu cha nyusi, shemeji yako akitoa amri kama daktari wa upasuaji.

Mwisho nikachukua sidi mpya, ile ya kuandikwa mara moja tu, nikaichoma polepole, nikaifunga, nikaiandika kwa kalamu bila karatasi yoyote. Nikamwita Baba. Akaja shingo upande.

Ulipoanza tu kuimba, akapandisha vioo. Mama, na goti lake, akarukia kiti cha nyuma. Sisi tulibaki nje kama watu waliokosa tiketi, tukimwona Baba anapigapiga usukani kwa kidole. Nyimbo zikaisha, akazirudia. Walikaa humo mpaka betri ikafa, ikabidi tusukume gari mpaka kwenye mteremko ili liwake, Mama akiwa bado ndani anatuambia tusimtikise.

Baba aliposhuka macho yalikuwa mekundu. Alisema ni vumbi, na vioo vyote vilikuwa vimefungwa! Kisha akaniambia: "Mwandikie. Mwambie ule wimbo wa mvua anaukimbiza, autulize. Halafu mwambie siku akija, nitakwenda kumpokea mimi mwenyewe. Andika hivyo hivyo, usipunguze."

Sikupunguza hata neno, mdogo wangu. Tafadhali njoo.

Mama anakubusu, shemeji yako anakusalimu, na wajomba zako wote wanauliza lini watakusikia. Mwenyezi Mungu akutunzie sauti, akufungulie na njia ya kurudi.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kukungoja.