Manchester, Liverpool na Radhi Yangu

Ijumaa, baada ya sala ya Alasiri. Vumbi limeifunika milima ya nyuma ya Ansab, mtaa wetu hapa Maskati, na jua linaonekana kama sahani ya shaba iliyochujuka. Ni siku ya kusinzia macho wazi.

Binti yangu Zuhura, mhandisi wa majengo, amepata kazi mbili Uingereza: moja Manchester, nyingine Liverpool. Anatakiwa kujibu Jumapili. Hajibu bila radhi yangu, ndivyo tulivyomlea.

Mimi nilisoma Manchester. Mdogo wangu Khalfan alisoma Liverpool. Tangu ujana tunashindana kana kwamba miji hiyo tuliijenga sisi.

Leo, baada ya biriani, tulianza tena. Nilimweleza Zuhura habari za maghala ya pamba niliyoyaacha meusi kwa moshi, madirisha yamevunjika, ambayo sasa ni nyumba za watu, na minara ya vioo imeyazunguka. Khalfan akamweleza habari za gati alizoziacha tupu, zimejaa tope, ambazo sasa ni makumbusho na mikahawa.

"Kaka, mji wako umeota minara tu. Wetu una maji."

"Wenu umejenga ovyo penye maji hayo hata ukafutwa katika orodha ya urithi wa dunia."

"Na nyinyi mlichimba mfereji mzima ili meli zisishushe mizigo kwetu! Nna hakika ile ilikuwa husda."

Zuhura alicheka mpaka akakiweka chini kikombe cha kahawa. Kisha akauliza: "Basi, Baba, niende wapi?"

Nikasema nitafakari kwanza. Kuna reli, kuna kodi za nyumba, kuna mji unaokua kwa kasi na mji unaokua kwa utulivu. Hii ni wiki ya tatu ninasema hivyo.

Niandike ukweli hapa. Sikuwa nikilinganisha miji. Nilikuwa nikimchelewesha.

Khalfan aliporudi kwake Mabela, nilifumba macho kitini. Nikajiona ninatembea kando ya mfereji, mvua nyembamba ikinyesha, na madirisha ya maghala yakiwaka moja baada ya jingine. Katika dirisha moja mwanamke mwenye mvi alikuwa akivuta pazia. Alikuwa Zuhura. Hakuniona. Alikuwa amezoea.

Sikuhuzunika, na hilo ndilo lililoniamsha.

Nilipoondoka Unguja kuja huku, Maskati ikijengwa, mama yangu hakuniuliza mji huu utakua au hautakua. Alinishika kichwa, akaniombea, akanifungulia mlango.

Nikamwita Zuhura kutoka jikoni. Nikamshika kichwa.

"Radhi yangu unayo, mwanangu. Popote utakapochagua."

Machozi yalimlengalenga. "Hata Liverpool, Baba?"

"Hata Liverpool," nikasema, na Mungu anajua ilivyonigharimu.

Sasa anaandika barua yake chumbani. Sijamwuliza ni ya mji upi. Ninasikiliza tu vidole vyake vikigonga kompyuta, na ninajiuliza nyumba hii itakuwa kubwa kiasi gani akishaondoka.