Gari Letu Limepanda Ubao

Niboye, Kigali
Machi 1994

Kaka Shimwa,

Hamjambo huko Dodoma? Sisi tunasukuma siku.

Nimelifufua lile gari letu la matofali ya plastiki. Unakumbuka ulivyong'ang'ania giya kubwa izungushe ndogo? Nilikataa, ukanicheka. Likakimbia sebuleni kama kichaa, likashindwa kupanda ubao. Jana niligeuza, ndogo ikazungusha kubwa. Lilipanda polepole hadi juu, Baba akapiga makofi kama zamani.

Mama akalifunika upesi kwa kitenge. Mlio wa mota unafika barabarani, na siku hizi tunataka wapita njia wadhani nyumba haina watu.

Betri nimezitoa. Nikikukumbuka, naizungusha ile giya ndogo kwa kidole, gari linasogea bila sauti.

Dada yako uliyemcheka,
Mukunde